Jinsi ya Kupanga Msimu wa Samoni kwa Wavuvi wa Biashara na wa Burudani

Alfajiri moja ya Julai, mashua mbili zinatoka bandari ya Westport, jimbo la Washington. Ya kwanza ni ya mvuvi wa biashara: barafu imejaa ghalani, mishipi imefungwa kwenye milingoti miwili mirefu ya pembeni, na nahodha amekwisha kupiga hesabu ya mafuta. Ya pili imebeba abiria waliolipa nauli ili wavue kwa siku moja, baadhi yao wakiwa na watoto wao. Zote zinaelekea kwa samaki walewale. Jioni nahodha wa kwanza ataulizwa ameshusha kilo ngapi na mnunuzi ametoa bei gani. Abiria wa ile ya pili wataulizwa siku ilikuwaje.

Hapo ndipo kazi ya kupanga msimu inapoanzia. Mmoja anataka samaki, mwingine anataka siku. Wapangaji wengi wapya hukaa mezani wakidhani wamepewa keki ya kukata vipande viwili, kisha hushangaa kwamba kila kipande wanachokata kinawaudhi wote. Ukishika tofauti hiyo ya mahitaji, utaona mahali pengi ambapo upande mmoja unaweza kupata zaidi bila mwingine kupungukiwa.

Mwongozo huu unafuata utaratibu wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, yaani Washington, Oregon na California, kwa sababu hesabu zake hufanywa hadharani na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuketi na kusema. Unamfaa mwakilishi wa wavuvi, mwanafunzi wa uvuvi, au mtu anayetaka tu kujua kwa nini bahari inafunguliwa Jumapili na kufungwa Ijumaa.

Hatua ya kwanza: Jua ni samaki gani unaowagawa

Upande wa Amerika Kaskazini, Pasifiki ina aina tano za samoni, ila ugomvi wa baharini kusini mwa mpaka wa Kanada ni wa aina mbili hasa: chinuki, mkubwa kuliko wote na mwenye bei, na koho, mdogo zaidi lakini mwepesi kula chambo. Wote huzaliwa mtoni, hukulia baharini, hurudi kwenye mto waliozaliwa, hutaga mayai mara moja na kufa. Kwa hiyo kila samaki unayemvua baharini yuko njiani kwenda mahali fulani mahususi, hata kama kwa macho huwezi kupajua.

Ugumu wote wa kazi hii umo humo. Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Kundi moja la chinuki mbele ya Westport linaweza kuwa na samaki wa vituo vya kuzalishia vifaranga vya mto Columbia, ambao ni wengi, pamoja na samaki wachache wa mto ambao kundi lake limewekwa chini ya ulinzi wa Sheria ya Viumbe Walio Hatarini. Chinuki wa Puget Sound, ghuba ya jimbo la Washington, kwa mfano, wako kwenye orodha hiyo tangu 1999, na chinuki wa majira ya baridi wa mto Sacramento huko California (makundi huitwa kwa majira yanaporudi mtoni) waliingizwa humo mapema zaidi. Ndoano haichagui. Basi ukubwa wa msimu huamuliwa na kundi dhaifu kuliko yote lililomo majini wakati huo, hata kama makundi mengine yamefurika.

Kabla ya kuandika tarehe yoyote, andika jina la kundi hilo juu ya karatasi. Kila pendekezo litakaloletwa baadaye, liulize swali moja: litaua wangapi wa kundi hili? Nimeona mabishano marefu yakifa dakika ileile swali hilo lilipojibiwa kwa namba.

Hatua ya pili: Soma daftari la mwaka uliopita

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila Februari, Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki hutoa mapitio ya msimu uliopita: waliovuliwa, waliorudi mitoni, na kila upande ulitumia kiasi gani cha mgao wake. Baada yake hutoka ripoti ya makadirio ya mwaka mpya. Zisome zote mbili, na ile ya kwanza isome kwa makini zaidi, maana ndiyo inayoonyesha makadirio ya mwaka jana yalikosea kwa kiasi gani na kuelekea upande gani.

Makadirio yenyewe hutegemea sana wale madume wadogo wanaorudi mtoni mapema, wakiwa na umri wa miaka miwili. Wakirudi wengi vuli hii, kuna matumaini kwamba wenzao wa rika lao waliobaki baharini ni wengi pia na watakuja mwakani wakiwa na miaka mitatu. Wakikosekana, jiandae kwa msimu mwembamba. Si kipimo kisicho na kasoro, lakini ndicho samaki wenyewe wanachokuletea.

Chombo kingine ni waya mdogo sana, wa urefu wa milimita moja hivi, unaopandikizwa puani mwa kifaranga kabla hajaachiliwa. Waya huo umeandikwa namba inayotaja kituo na mwaka. Samaki mwenye waya akivuliwa, kichwa chake hukatwa na kupelekwa maabara, namba ikasomwa, na hapo ndipo tunapojua kwamba chinuki aliyeliwa kwenye bandari ya Neah Bay alizaliwa mto gani. Mvuvi anayekataa kutoa kichwa anajipofusha mwenyewe. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu kila kichwa kinachopotea ni hoja moja ambayo upande wake hautakuwa nayo Machi inayofuata.

Hatua ya tatu: Toa kabla ya kugawa

Hapa watu wengi huharakisha, na kosa la hapa halirekebishiki huko mbele. Kabla hujataja biashara wala burudani, kuna mafungu ya kuondoa, kila moja kwa zamu yake.

Fungu la kwanza ni la wazazi, wale samaki wanaopaswa kufika mtoni kutaga. Kwa chinuki wa vuli wa Sacramento lengo limekuwa kati ya samaki 122,000 na 180,000. Kwa chinuki wa vuli wa mto Klamath, kipimo ni wazazi 40,700 wanaotaga kwenye mito yenyewe, bila kuhesabu wa vituoni. Ikiwa makadirio hayafiki hapo, hakuna cha kugawa. California ilifunga bahari kwa pande zote mbili mwaka 2008, ikaifunga karibu yote mwaka 2009, ikafunga tena kwa pande zote mbili 2023 na 2024, na mwaka 2025 wavuvi wa biashara walibaki gatini kwa mwaka wa tatu mfululizo huku wa burudani wakipewa siku chache tu. Nyuma ya namba hizo kuna mashua zilizouzwa na mabaharia waliohama kazi, ndiyo maana fungu la wazazi haliguswi hata pale kilio kinapokuwa cha haki.

Fungu la pili ni la mataifa ya wenyeji asilia. Mikataba ya 1854 na 1855 iliwahakikishia haki ya kuvua mahali pao pa desturi. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba haki hiyo maana yake ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaukubali msingi huo mwaka 1979. Mataifa kama Makah na Quinault wana mgao wao baharini, na ni wasimamizi wenza pamoja na jimbo, wenye sauti ileile mezani. Huwezi kulijazia pengo la wavuvi wa burudani kwa kuchota kwenye fungu hili, na anayependekeza hivyo huonyesha tu kwamba hajasoma.

Fungu la tatu ni samaki watakaovuliwa kwingine. Chinuki wengi wa Washington na Oregon hupanda kaskazini hadi British Columbia na Alaska kabla ya kurudi. Mkataba wa Samoni wa Pasifiki wa 1985 kati ya Marekani na Kanada ndio unaoweka mipaka ya uvuvi huo, na sura zake hujadiliwa upya kila baada ya muongo mmoja hivi.

Kinachobaki baada ya mafungu hayo ndicho cha kugawa. Kwa kawaida ni kidogo kuliko mtu alivyotarajia.

Hatua ya nne: Gawa kwa jedwali

Kaskazini mwa Cape Falcon, rasi iliyo sehemu ya kaskazini ya Oregon, mgawanyo kati ya mashua za biashara za kurambaza (yaani zinazoburuta mishipi na chambo huku zikitembea) na wavuvi wa burudani umeandikwa kwenye mpango wa usimamizi wenyewe. Kwa chinuki, samaki 100,000 wa kwanza hugawanywa nusu kwa nusu. Kutoka hapo hadi 150,000, asilimia 60 huenda kwa biashara na 40 kwa burudani. Wakizidi 150,000, ziada hugawanywa 70 kwa 30. Kwa koho ni kinyume: hadi 300,000, biashara hupata asilimia 25 na burudani 75, na ziada ya hapo hugawanywa 60 kwa 40.

Tazama mantiki yake. Mwaka wa njaa, koho hulindwa kwa ajili ya burudani, kwa sababu ndiye samaki anayewapa abiria wa kawaida jambo la kufanya siku nzima. Mwaka wa neema, ziada huelekezwa kwa wenye uwezo wa kuivua na kuiuza. Jedwali hubadilika kadiri samaki wanavyoongezeka, na hilo peke yake limeokoa mikutano mingi.

Tufanye mfano kwa namba za kubuni. Tuseme kimebaki chinuki 120,000 na koho 160,000. Hesabu huenda ngazi kwa ngazi, usiichukue asilimia ya ngazi ya juu ukaipiga kwenye jumla yote. Chinuki 100,000 wa kwanza: 50,000 kwa kila upande. Hao 20,000 wanaofuata: 12,000 kwa biashara, 8,000 kwa burudani. Biashara ina chinuki 62,000, burudani 58,000. Koho: biashara 40,000, burudani 120,000.

Kwingine mifumo ni tofauti. Kusini-mashariki mwa Alaska, kwa miaka mingi, chinuki wa mkataba waligawanywa asilimia 80 kwa warambazaji na 20 kwa burudani baada ya kutoa sehemu ya wavuvi wa nyavu. Kusini mwa Cape Falcon, chinuki wamesimamiwa zaidi kwa siku na maeneo kuliko kwa namba ya samaki. Ukipanga mahali pasipo na jedwali, pendekezo langu ni mliandike jedwali mwaka ambao samaki ni wengi na hasira ni chache.

Hatua ya tano: Badilishaneni

Jedwali likishatoa namba zake, wawakilishi wa pande mbili huketi peke yao. Mpango unaruhusu wabadilishane chinuki na koho kabla ya msimu, kwa masharti ya busara: wawakilishi wenyewe walipendekeze, lifaidi wote wawili au limfaidi mmoja bila kumwumiza mwingine, na lisindikizwe na uchambuzi wa kiuchumi. Kiwango kinachotajwa kama mwongozo ni koho wanne kwa chinuki mmoja.

Kwa nini wabadilishane? Kwa mrambazaji, chinuki mmoja mkubwa ana thamani kuliko koho kadhaa, na bei yake kwa kilo iko juu. Kwa mwenye mashua ya abiria, koho wanne ni watu wanne wanaorudi nyumbani wakitabasamu. Katika mfano wetu, biashara ikitoa koho 24,000 hupokea chinuki 6,000. Sasa biashara ina chinuki 68,000 na koho 16,000, na burudani ina chinuki 52,000 na koho 144,000. Hakuna samaki aliyeongezeka baharini, lakini kila upande umeshika kile unachokihitaji.

Angalizo moja. Mabadilishano ya samaki si mabadilishano ya athari. Kabla ya kupeana mikono, warudishie wataalamu namba mpya wakague tena lile kundi dhaifu uliloliandika juu ya karatasi. Koho 24,000 wakivuliwa Agosti kwa mashua za abiria hawatoki kwenye mito ileile ambayo wangetoka wakivuliwa Juni na warambazaji.

Hatua ya sita: Hesabu wanaokufa baada ya kuachiliwa

Siku hizi sehemu kubwa ya uvuvi wa koho, na sehemu ya ule wa chinuki, huwa wa kuchagua. Vifaranga wa vituoni hukatwa lile pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia kabla ya kuachiliwa. Mvuvi akimnasa asiye na pezi hilo, anamchukua. Mwenye pezi ni wa porini, anarudishwa majini.

Ila kurudishwa si kupona. Katika hesabu za Baraza, kaskazini mwa Point Arena huko California, asilimia 14 ya samoni wanaoachiliwa na wavuvi wa burudani huhesabiwa kuwa watakufa. Kwa warambazaji wa biashara ni asilimia 26, kwa kuwa samaki wao hukaa kwenye ndoano muda mrefu zaidi kabla mshipi haujavutwa. Juu ya hapo huongezwa asilimia 5 ya walionaswa, kwa ajili ya wanaojinasua wakafa au wakanyakuliwa na sili njiani.

Ziweke kwenye mizani. Wavuvi wa burudani wakinasa koho 1,000, na 600 kati yao hawana pezi, wanabaki na hao 600. Kati ya 400 wa porini, 56 watakufa baada ya kuachiliwa na 20 watahesabiwa waliopotea njiani, jumla 76. Mashua za biashara zikinasa idadi ileile kwa uwiano uleule, wa porini watakaokufa ni 104 na 20, jumla 124. Basi samaki hao 600 waliofika gatini wana gharama mbili tofauti. Upande wa biashara hauna budi kulijua hili kabla haujadai kuhamishiwa mgao katikati ya msimu.

Jambo moja linasaidia wote: ndoano zisizo na kijino cha kuzuia, ambazo ni lazima kwa samoni wa baharini pwani hii. Lingine ni kuhama. Nahodha anayekutana na wadogo wasiofikia kipimo, au wale wa porini wenye pezi, akaendelea kuvua palepale kwa kuwa "wanakula vizuri", anakula akiba ya wenzake.

Hatua ya saba: Geuza samaki wa burudani wawe siku

Abiria hawezi kununua tiketi ya "sehemu ya koho 144,000". Anataka tarehe. Kwanza mgao huvunjwa kwa maeneo. Kaskazini mwa Cape Falcon koho wa burudani hugawanywa hivi: nusu kwa eneo la mdomo wa Columbia, asilimia 37 kwa Westport, asilimia 2.6 kwa La Push na asilimia 10.4 kwa Neah Bay. Katika mfano wetu, Westport inapata 53,280.

Kisha uliza maswali mawili: kwa siku ya kawaida wanatoka wavuvi wangapi, na kila mmoja anarudi na samaki wangapi? Tukisema wavuvi 1,200 kwa siku na wastani wa koho 1.1 kwa kila mmoja, ni koho 1,320 kwa siku, na mgao utatosha siku 40 hivi. Hizo siku 40 zinaweza kuwa mfululizo, ukamaliza kabla ya likizo kwisha. Zinaweza kuwa siku tano kwa wiki, Jumapili hadi Alhamisi, ukafika mwishoni mwa Agosti. Bandari nyingi hupenda msimu mrefu kuliko msimu mnono, kwa kuwa nyumba za wageni, maduka ya chambo na mikahawa huishi kwa siku ambazo mlango uko wazi.

Unaweza pia kupunguza kikomo cha samaki kwa mtu. Usidhani kwamba kushusha kutoka wawili hadi mmoja kutaongeza siku maradufu. Wengi hawakuwa wakipata wawili tangu mwanzo, kwa hiyo akiba ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, na baadhi ya abiria wataghairi safari. Njia ya kati inayotumika sana ni samoni wawili, ambao kati yao chinuki asizidi mmoja. Hiyo hurefusha mgao wa chinuki, ambao kwa kawaida ndio unaobana.

Jambo ambalo wapangaji husahau: chinuki na koho huhesabiwa pamoja kwenye mashua moja. Mgao mmoja ukiisha, ama unafunga eneo, ama unaamuru aina hiyo iachiliwe na kuanza kuhesabu vifo vya hatua ya sita. Panga tangu mwanzo ni kipi kitaisha kwanza.

Hatua ya nane: Mpe mfanyabiashara ratiba anayoweza kuiuza

Mrambazaji hasumbuliwi na idadi ya siku. Anasumbuliwa na bei, barafu, mnunuzi na dhoruba. Ukifungua kwa kishindo mashua zote zishushe kwa siku tatu, bei inaanguka na mgao unaisha kabla mteja hajajua kwamba msimu umeanza. Ndiyo maana mgao wake hukatwa mara mbili: kipindi cha Mei na Juni kinachomlenga chinuki, na kipindi cha kuanzia Julai ambacho koho nao huruhusiwa. Ndani ya kila kipindi huwekwa kikomo cha samaki kwa chombo kwa wiki.

Kama kipindi cha kwanza kina chinuki 40,800, mashua 100 na wiki 8, kila mashua inaweza kushusha wastani wa 51 kwa wiki. Namba ndogo hivyo humwumiza mwenye chombo kikubwa anayesafiri mbali na kumwokoa mwenye chombo kidogo. Hakuna jibu moja sahihi hapa. Waulize walio na leseni, na msikilize pia mnunuzi, maana huyo ndiye anayejua mkahawa unahitaji samaki Jumanne au Ijumaa.

Wako wanaosema uvuvi wa biashara unawafaidi wachache. Siwaungi mkono. Wakazi wengi wa majimbo haya hawana mashua wala fimbo ya kuvulia, na njia yao pekee ya kumla samoni wao ni kumnunua kwa yule aliyemvua. Mrambazaji anavua kwa niaba yao.

Hatua ya tisa: Peleka mapendekezo matatu, si moja

Mwezi Machi Baraza, lenye wajumbe 14 wenye kura, hupitisha mapendekezo matatu ya msimu kutoka kwa kamati ya washauri ambamo warambazaji, wenye mashua za abiria na wavuvi wa burudani wana viti. Mwishoni mwa mwezi huo wananchi husikilizwa majimboni. Wakati huohuo, Washington na mataifa ya wenyeji huwa kwenye mazungumzo yao ya Kaskazini mwa Falcon kuhusu Puget Sound na mito ya pwani, na majibu ya huku hubadilisha hesabu za kule. Aprili Baraza huchagua. Serikali kuu ikiridhia, kanuni mpya huanza katikati ya Mei.

Mapendekezo matatu yawe na tofauti ya kweli. Moja liwe la makundi yenye afya, moja la tahadhari, na moja la katikati ambalo ungeweza kuishi nalo. Ukileta matatu yanayofanana, umewanyima wananchi cha kusema, na watasema hivyo. Ukienda kuzungumza mbele ya Baraza, nenda na kitu ambacho wataalamu hawana: ni lini bandari yako hukosa barafu, mashindano ya uvuvi ya kijiji chako yanaangukia wikendi ipi, ukungu hufunga mdomo wa bandari miezi gani.

Usisahau kundi la nyangumi wauaji wa pwani hii waitwao "wakazi wa kusini", ambao chakula chao kikuu ni chinuki. Tangu 2021 mpango una kizingiti: chinuki wakikadiriwa kuwa chini yake, masharti ya ziada huongezwa.

Hatua ya kumi: Hesabu kila wiki, na funga mapema

Msimu ukifunguliwa, makadirio yanaanza kuumbuka au kuthibitika. Wahesabuji husimama gatini, huwauliza wavuvi, hupima samaki na kutafuta waya. Wanunuzi hutuma risiti za samaki waliopokea. Wasimamizi wa majimbo na wa serikali kuu hukutana kwa simu na wawakilishi wa wavuvi na kuamua: kuongeza siku, kupunguza kikomo cha wiki, kuhamisha kilichobaki Juni kiende Julai. Kila uhamisho hupimwa kwa athari yake kwenye makundi dhaifu. Samaki 5,000 waliobaki Juni wanaweza kuwa 4,200 tu wakivuliwa Agosti, na hakuna aliyedhulumiwa.

Weka akiba tangu mwanzo. Kwenye mto Columbia, uvuvi wa chinuki wa masika hupangwa kana kwamba asilimia 30 ya makadirio haipo, hadi samaki wapite ngazi za bwawa la Bonneville, wahesabiwe, na makadirio yarekebishwe. Wavuvi hulalamika kila mwaka kwamba akiba ni kubwa. Lakini samaki aliyebaki majini unaweza kumpangia siku nyingine, na aliyekwisha kuvuliwa humrudishi.

Upande mmoja ukikaribia kumaliza na mwingine umebakiwa, zungumzeni uhamisho mapema, wiki mbili kabla na si siku mbili. Notisi ya ghafla humkuta mrambazaji akiwa maili 30 baharini na barafu yake, na humkuta mwenye mashua ya abiria akiwa na watu 18 waliokwisha kulipa.

Hatua ya kumi na moja: Kusanya vichwa

Septemba na Oktoba bahari ikifungwa, fanya mambo mawili. Pitia na wawakilishi wa upande wa pili, ana kwa ana, palipokwenda mrama, kabla kila mtu hajajenga simulizi yake. Kisha zungukia magati na viwanda uhakikishe vichwa vyote vyenye waya vimefika maabara na risiti zote zimeingia. Vuli hiyohiyo wale madume wadogo wa miaka miwili wanapanda mtoni, na mtu amesimama kwenye ngazi ya samaki akiwahesabu mmoja mmoja kwa ajili ya ripoti ya Februari.